Samaki Aliyepewa Jina

Komisere, mkuu wa wilaya, aligonga kioo cha tangi kwa pete yake, na samaki wote waliokuwa ndani ya maji wakakimbilia nyuma ya mawe.

"Mbona huyu mwenye madoa anakimbia?" aliuliza.

"Anaogopa kishindo, Sitwayen Komisere," alijibu Ngoy. Siku hizo kila mtu aliitwa sitwayen, yaani raia.

"Umufundishe asikimbie. Samaki wa Kiongozi hawezi kukimbia mbele ya watu."

Maofisa waliofuatana naye walicheka, kisha wakanyamaza kwa pamoja kama watu waliovutwa kwa kamba moja. Alphonsine alikuwa amesimama mlangoni, mikononi ana sahani ya bukari, ugali wa muhogo, iliyofungwa kwa kitambaa. Kila adhuhuri alimletea mumewe Ngoy chakula hapa kwenye kituo cha utafiti wa ziwa, jumba fupi lenye bati lililoliwa na kutu, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Siku hiyo hakuthubutu kuingia, wala hakuthubutu kuondoka, kwa kuwa mtu anayeondoka mbele ya mkubwa huulizwa anakwenda kumwambia nani.

Komisere aliinama tena, safari hii bila kugonga. Yule samaki, mwenye masharubu, alikuwa amejitokeza taratibu kutoka kwenye jiwe, mwili wake mweupe umejaa madoa meusi.

"Tazameni ngozi yake," alisema Komisere. "Huyu njo chui kabisa."

Hakuna mtu katika Zaire asiyejua ni kichwa cha nani kilichovikwa kofia ya chui, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

"Wenzangu huko kwao wana madaraja na viwanja vya kupatia jina la Kiongozi," Komisere aliendelea. "Mimi nina maji. Lakini katika maji haya kuna samaki ambaye hayuko pengine popote duniani. Siku ya sikukuu ya Chama atapata jina."

Ngoy alikohoa kidogo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesomea viumbe vya majini kule Lubumbashi, na tangu mkurugenzi wake alipoitwa Kinshasa na kutorudi, alibaki peke yake kulinda kituo.

"Sitwayen Komisere, samaki huyu ana jina tayari. Wataalamu walimupatia zamani."

"Hata wewe ulikuwa na jina tayari. Mbele ya Authenticité, tulipoacha majina ya Kizungu, uliitwa nani?"

"Isidore."

"Na leo?"

"Ngoy Kyungu."

"Ulikufa?"

"Hapana, Sitwayen Komisere."

"Basi na samaki hatakufa."

Wale maofisa wakacheka tena. Ngoy naye akacheka, na kicheko hicho kilimchoma Alphonsine kuliko tusi. Kisha Komisere akageuka kuelekea kwa dereva wake.

"Tena huyu ananiambia kwamba wanawake wa ndagala wana wimbo wa samaki mwenye madoa. Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema dereva. "Nawasikia nikipita. Maneno siyakamati vizuri, lakini wimbo ni mutamu."

"Munaona? Wananchi wamemupenda hata kabla ya kuambiwa. Siku ile watauimba mbele yangu. Na wewe, Sitwayen Ngoy, utaeleza tabia zake. Kwa kifupi na kwa uzuri."

Walipotoka, Komisere alipita karibu sana na Alphonsine hata mwanamke huyo akasikia harufu ya manukato yake. Yeye aliinamisha kichwa na kuishika sahani kwa nguvu. Aliyeutoa wimbo ule ndani ya maji na kuuweka midomoni mwa watu alikuwa ni yeye.

*

Katika nyumba yao, mtaani Kataki, kulikuwa na desturi moja. Jioni, Alphonsine akiwa anasonga bukari na watoto wamekaa kuzunguka mbabula, jiko la makaa, Ngoy aliketi kwenye kiti chake kifupi, na mke wake akamwuliza, "Leo umeona nini?" Waume wa wenzake walileta nyumbani umbeya wa bandarini na wa gare, kituo cha treni. Wa kwake alileta habari za samaki. Alphonsine hakukaa shuleni utotoni, na maswali hayo ya jioni ndiyo yaliyokuwa shule yake.

Jioni moja mwaka uliotangulia, Ngoy alirudi akiwa na furaha, hata hakuvua viatu.

"Kuna samaki mama wa kwenye mawe," alimwambia. "Akitaga mayai, anayaokota na kuyaweka mdomoni. Watoto wanakulia humo. Hafungui mdomo, hata kula hali, mpaka wapate nguvu."

"Huyo njo mama kweli."

"Ngoja kwanza. Huyu mwenye madoa anamuvizia. Mama akitaga, yeye anaingia kwa fujo, anakula mayai ya mama, anaangusha ya kwake pale pale. Mama anaokota yote kwa haraka, hajui. Sasa watoto wa mwenye madoa njo wanaanza kutoka kwenye yai. Wanawakula watoto wa mwenye nyumba, humo humo mdomoni. Mama anabaki anamulinda aliyewamaliza watoto wake. Nimeliona kwa macho yangu, Alphonsine. Sijasikia muntu mwingine aliyeliona."

Jambo kama hilo mwanamke atakaa nalo siku ngapi? Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye mchanga wa ziwa, ambako wanawake huanika ndagala, wale dagaa wa ziwa, na kuwageuza kwa mafagio, akawasimulia. Mama Hortense, mwanamke mnene mwenye sauti iliyosikika kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, alikuwa amejaziwa nyumba na watoto wa shemeji yake wasiokwisha kula. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasimama na fagio lake, akaimba:

*Nilimupokea mugeni mdomoni.*
*– Fumba, mama, fumba.*
*Nikasema ni damu yangu.*
*– Fumba, mama, fumba.*
*Amekula wa kwanza, amekula wa mwisho.*
*– Fumba, mama, fumba.*
*Namulea mwenye kunimaliza.*

Hapo wanawake wote walifunga midomo na kuguna kwa pamoja, mmmm, mafagio yakienda na kurudi juu ya ndagala. Wimbo ukapendwa. Kila mtu alimwona mtu wake ndani yake: huyu shemeji yake, yule mke mwenzake, mwingine yule askari anayepita sokoni akiinua bakuli asilolilipia. Makuli wakaubeba mpaka bandarini, na watu wa treni wakaenda nao Kabalo.

Wakati huo samaki hakuwa na jina la mtu.

*

"Uliwaambia akina nani?" Ngoy aliuliza, jioni ya siku ile aliyokuja Komisere. Hakuwa amekalia kiti chake. Alisimama karibu na dirisha, pazia limeshushwa kabla ya jua kuzama.

"Nilimuambia Mama Hortense na wenzake."

"Basi uliambia Kalemie yote."

"Papa Viviane," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "nilijua namna gani? Ilikuwa habari ya samaki tu."

"Sikulaumu. Hata mimi niliona ni habari ya samaki tu." Alichungulia nje pembeni ya pazia. "Unamukumbuka Ignace?"

Alphonsine alimkumbuka. Nani angemsahau? Ignace alikuwa mtu wa hali ya hewa, mwenye kazi ya kupima mvua na upepo. Aliandika kwamba siku ya maandamano mvua itanyesha. Mvua ikanyesha, mabango ya karatasi yakalowana, sura ya Kiongozi ikatiririka rangi mbele ya wageni. Kesho yake walikuja kumchukua. Walimwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya mvua ile. Mke wake, Florentine, sasa aliuza makaa kando ya barabara, na watu walinunua kwake wakitazama pembeni.

"Ignace alisema kweli, na kweli ikatokea," alisema Ngoy. "Hilo njo walimushitakia. Sasa mimi nitasimama pale nieleze tabia za samaki, na watu wote wanajua tabia zake. Muntu mmoja akicheka, mmoja tu, tumekwisha."

"Umuambie Komisere achague samaki mwingine."

"Atauliza kwa nini."

Viviane, binti yao mkubwa, aliacha kupepea moto akawatazama. Alphonsine alimwashiria aendelee. Usiku huo hakuna aliyeuliza nini kilionekana majini.

*

Kijana aliyewekwa kusimamia animasio, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi, aliitwa Mulongo. Alivaa abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyobana mabegani, na alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya watu badala ya mbele yao. Aliwakusanya wanawake wa ndagala kwenye ua wa shule na kuwapa kila mmoja kitenge chenye picha ya Kiongozi.

"Muimbe huu wimbo wenu," alisema. "Nimeitwa biro ya Chama kidogo. Nikirudi niukute umeiva." Akaondoka bila kuusikiliza.

Alipopotea kwenye kona, Alphonsine aliwakusanya wenzake karibu.

"Mama zangu, nawaomba kwa jina la Mungu. Ule wimbo tuusahau."

"Tuusahau namna gani, na njo huo wameuomba?" aliuliza Mama Domitille, mwembamba, mwepesi wa ulimi. "Wewe njo ulituletea samaki, sasa unataka kumurudisha ziwani?"

"Tubadilishe maneno."

"Mimi nitayabadilisha," alisema Mama Hortense. Hakuwa akicheka tena. Tangu asubuhi uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza mfupa. "Mimi njo niliimba wa kwanza. Kama wanatafuta kichwa, wataanzia kwangu."

Alifumba macho, akatunga papo hapo: *Nilimupokea Kiongozi moyoni. Akasema mimi ni damu yake. Amelisha wa kwanza, amelisha wa mwisho. Namushukuru mwenye kunilea.* Wanawake waliyakariri maneno hayo kama katekisimu. Walipoanza kuimba, mambo yalikwenda vema mpaka mstari wa tatu. Mikono ilikuwa imezoea fagio, na ulimi ulikuwa umezoea njia yake. Mama Domitille, aliyekuwa mbele, akatoa sauti yake nyembamba iliyo safi:

"*Amekula wa kwanza, amekula wa mwisho.*"

Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Wenzake walisimama kama waliomwagiwa maji ya baridi. Mmoja alichungulia nje ya ukuta. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi aliyekuwa akila karatasi.

"Turudie," alisema Hortense.

Walirudia. Safari hii aliteleza Hortense mwenyewe.

Mama Domitille akaanza kulia bila sauti. "Hawa wakubwa hawajui kitu," alisema. "Wangejua kwamba muntu hawezi kuuambia ulimi usahau, wasingetuomba kuimba."

*

Adhuhuri iliyofuata Alphonsine alifika kituoni na kumkuta mumewe ameketi mbele ya karatasi. Komisere alitaka maelezo yaandikwe ili yatumwe Kinshasa, na Ngoy alikuwa ameandika kwamba samaki mwenye madoa huwalea watoto wa wenzake kwa upendo.

"Umeandika hivyo?" aliuliza.

"Njo nimeandika."

"Na yale uliyoyaona?"

"Niliyaona. Kuyaona hakuna aliyekataza." Alisukuma karatasi mbali naye kama sahani ya mgonjwa. "Ninaweza kusema mwezi una pembe, Alphonsine. Ninachoogopa ni siku ile, watu wakiangaliana."

Alphonsine alisogea kwenye kioo. Ndani, mbali na mwenye madoa, samaki mama alikuwa ametulia kwenye kona, taya limevimba, midomo imebanwa. Ngoy alitupa chakula kidogo juu ya maji. Wengine wote waliruka kugombania. Yeye hakusogea. Macho yake tu ndiyo yaliyokifuata chakula kikishuka mpaka chini.

"Ana njaa?" Alphonsine aliuliza.

"Sana. Lakini akifungua mdomo, watatoka."

Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwachia mumewe sahani, akaenda moja kwa moja mchangani akamtafuta Mama Hortense.

"Ule mwisho wa wimbo," alimwambia, "pale tunapoguna. Tuimbe wote hivyo, toka mwanzo mpaka mwisho."

"Bila maneno?"

"Bila hata neno moja. Ulimi hauwezi kuteleza ndani ya mdomo uliofungwa."

Hortense alisimamisha fagio. "Na Komisere akiuliza maneno yako wapi?"

"Papa Viviane atajibu."

Alisema hivyo bila kujua kama mumewe angeweza kujibu. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumwahidi mtu ujasiri wa Ngoy bila kumwuliza mwenyewe.

*

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa tangu jua halijapanda. Watu wa reli walikuwa upande mmoja, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo upande mwingine, watoto wa shule mbele, wakitikisa vibendera vya kijani. Tangi la kioo liliwekwa juu ya meza iliyofunikwa kwa bendera ya Chama. Ngoy alikuwa amelibeba mwenyewe kutoka juu ya kamyoni iliyolileta, pamoja na askari, maji yakamwagikia suruali yake, na sasa alisimama mbele ya umati na doa la maji mapajani. Vijana fulani walimcheka. Alphonsine, katikati ya wanawake wa ndagala, aliona mikono ya mumewe ikitafuta mahali pa kukaa na kutopaona.

Komisere alihutubia muda mrefu. Kisha akalitaja jina, jina lote refu la Kiongozi, na mkono wake ukaelekea kwenye kioo. Makofi yakalia. Nyuma ya makofi, upande wa makuli, kitu kama upepo kilipita katika vichwa vya watu. Walikuwa wamekwisha kutambua ni samaki gani.

"Sasa mutaalamu wetu atatueleza tabia zake."

Ngoy akashika mikrofoni. Alphonsine aliziona kucha za Mama Domitille zikizama katika mkono wake, lakini hakuyasikia maumivu.

"Samaki huyu," alisema Ngoy, "hajengi kiota. Hana haja. Watoto wake hulelewa na wengine." Akakitazama kioo. "Popote wanapokuwa, hawakosi chakula."

Hakuna aliyecheka. Uwanja mzima ulinyamaza, na unyamavu huo ulikuwa mzito hata mtoto mmoja mgongoni akaanza kulia. Komisere alimgeukia Ngoy. Kwa muda ambao Alphonsine aliuona mrefu kama masika, uso wake haukuwa na kitu chochote. Kisha akapiga makofi.

"Munasikia? Watoto wa Kiongozi wanalelewa na taifa zima. Wananchi, wimbo."

Mulongo aliinua mkono. Mama Hortense akavuta pumzi, akafunga mdomo, na wimbo ukatoka puani na kifuani mwake, mzito na wa polepole. Wenzake wakaitikia. Hawakuwa na mafagio, lakini mabega yao yalikwenda na kurudi. *Mmm-mmm, mmm.* Hapakuwa na neno ambalo mtu angeweza kulikamata na kulipeleka kokote. Lakini walipofika mstari wa tatu, kutoka upande wa watu wa reli, mwanamume mmoja akaanza kuguna pamoja nao. Halafu makuli. Halafu wale wa kiwandani. Mguno ukapanda kutoka ardhini kama treni inayokuja kutoka mbali, na watu wakatazama miguu yao, kila mmoja akiyasikia maneno kichwani mwake na akijua kwamba jirani yake anayasikia vilevile. Alphonsine alipatwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Alikuwa amefikiri atauficha wimbo. Sasa mji mzima ulikuwa ukiuimba.

Wimbo ulikwisha. Komisere alimwita Ngoy kwa kidole.

"Mbona hawatamuki maneno?"

"Samaki mama anapolinda watoto hafungui mdomo, Sitwayen Komisere," alisema Ngoy. "Hata kula hali. Wanawake wamefuata hiyo."

"Hata kula hali?"

"Hata kula."

Komisere alitafakari, kichwa kimeinama upande mmoja. Uso wake ukang'aa taratibu. "Hii ni nidhamu," alisema. "Muandike hiyo. Kila mwaka wataimba hivi hivi, midomo imefungwa."

Nyuma ya wanawake, Mulongo hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama Alphonsine, na alipoona kwamba naye ametazamwa, alitabasamu kidogo.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mulongo alibisha hodi nyumbani kwao. Alikuja bila abakosti, na shati lake lilikuwa na kiraka kilichoshonwa vizuri.

"Mama, hodi. Nimepita tu kuwasalimia."

"Karibu, Sitwayen Mulongo."

"Acha sitwayen, Mama. Tuko nyumbani." Aliketi kwenye kiti kifupi cha Ngoy. Ngoy, aliyekuwa amesimama, akabaki amesimama. "Mama yangu naye anakausha ndagala, kule Moba. Nilikwenda kumuona mwaka jana. Njo nilisikia ule wimbo huko, na maneno yake yote. Nyimbo zinasafiri na mitumbwi." Aliyaacha maneno yakae. "Musiogope. Mimi siwezi kusema kitu. Mimi ni mutoto wenu."

Alphonsine alileta maji ya kunawa. Siku ile kulikuwa na samaki wawili, mikebuka, kwa watoto watano na wazazi wao. Mulongo alikula mmoja na nusu, akala polepole, akasifu mapishi, akaaga kwa heshima.

Jumapili ya pili alirudi. Ya tatu alikuja na rafiki yake. Mvua zilipoanza, Mulongo alisema kwamba chumba chake kinavuja, akaleta begi, akalala sebuleni, na Viviane na wadogo zake wakahamia jikoni. Mama Hortense, akipita, aliliona lile begi mlangoni. Alimtazama Alphonsine usoni, akafungua mdomo, akaufunga.

Jioni moja walikuwa wamekaa wote kuzunguka mbabula, Mulongo katika kiti kifupi, Ngoy juu ya ndoo iliyogeuzwa. Tangu sikukuu, Alphonsine hakuwa amemwuliza mumewe lile swali la jioni, na Ngoy hakuwa amemweleza lolote. Walizungumza habari za chumvi na za mvua.

Mulongo alipangusa vidole, akajinyoosha.

"Papa Isidore," alisema kwa upole, "kila siku uko pale kwenye kioo. Leo umeona nini?"

Ngoy aliutazama moto. Alphonsine alisimamisha mwiko ndani ya chungu.

"Maji," alijibu Ngoy.

"Maji tu?"

"Maji tu."

Mulongo akasogeza sahani yake mbele. Alphonsine alimwongezea bukari, akamwekea kichwa cha samaki kilichokuwa kimebaki, na watoto wakaendelea kuitazama ile sahani, midomo yao imefungwa.